Kilichotiwa na Kilichomo: Kupima Viambato vya Ajuvanti katika Emulsheni za Chanjo

Tangu tulipoeleza katika safu hii namna emulsheni za mafuta zinavyoziongezea nguvu baadhi ya chanjo, barua zimekuwa nyingi, na safari hii nimechagua zile zinazohusu upimaji. Kwa wasiosoma maelezo yale, ajuvanti ni kitu kinachoongezwa kwenye chanjo ili kinga ya mwili iitikie antijeni, yaani sehemu ya chanjo inayoifundisha kinga kumtambua adui, kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ingeiitikia ikiwa peke yake. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusaidia. Emulsheni ninazozizungumzia hapa ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, yakizungukwa na viunganishi, yaani vitu vya jamii ya sabuni vinavyoyazuia matone yasirudi kuungana. Kwa macho, kimiminika chake hufanana na maziwa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Ikiwa kiwanda kimepima kila kiambato kwa mizani kabla ya kuchanganya, na kumbukumbu zote zimetiwa saini, kuna haja gani ya kupima tena mafuta yale yale yakiwa tayari yamo ndani ya kichupa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mizani ya kiwandani inakwambia kilichotiwa, na kati ya kilichotiwa na kilichomo kuna safari ndefu. Mafuta na maji hukorogwa kwanza, kisha mchanganyiko huo husukumwa kwa shinikizo kubwa, mara kadhaa, kupitia vijia vyembamba mno mpaka matone yafikie kipenyo cha nanomita 160 hivi, na baadaye hupitishwa katika chujio lenye matundu ya nanomita 220 ili kuondoa bakteria. Angalia jinsi namba hizo mbili zilivyokaribiana. Tone ambalo halikuvunjwa vya kutosha hubaki kwenye chujio pamoja na mafuta yake. Kimiminika cha mwanzo hukutana na maji yaliyosalia kwenye mabomba kikazimuliwa. Na utando mwembamba wa mafuta hushika kuta za matangi. Hakuna saini inayoweza kueleza ni kiasi gani kilipotea njiani.

Kiasi hicho si jambo dogo, kwa sababu katika chanjo hizi emulsheni yenyewe ndiyo inayoamsha kinga. Emulsheni iitwayo MF59, ambayo ilianza kutumika katika chanjo ya mafua iliyoidhinishwa Italia mwaka 1997, ina miligramu 9.75 za skwalini, ambayo ndiyo mafuta yenyewe, katika dozi ya mililita 0.5, pamoja na viunganishi viwili: miligramu 1.175 za polisobeti 80 na miligramu 1.175 za sobitani trioleati. Ile iitwayo AS03, iliyotumika katika chanjo za mlipuko wa mafua wa mwaka 2009, ina miligramu 10.69 za skwalini, miligramu 11.86 za alfa-tokoferoli ambayo ni vitamini E, na miligramu 4.86 za polisobeti 80. Anayechomwa sindano anastahili kupata kiasi kile kile kilichopimwa usalama na manufaa yake katika majaribio, wala si kile kilichokusudiwa tu na mpishi wa emulsheni.

Nikuongezee tahadhari moja ambayo vitabu vya darasani huipita haraka. Katika chanjo mojawapo ya mwaka 2009 emulsheni ya AS03 ilifungashwa katika kichupa chake, na antijeni katika kichupa kingine, vikachanganywa nusu kwa nusu wakati wa kuchanja. Miligramu 10.69 ni za mililita 0.5 baada ya kuchanganya, kwa hiyo emulsheni iliyomo kichupani kabla ya kuchanganywa ina takriban miligramu 42.8 za skwalini kwa kila mililita. Anayesahau hatua hiyo atatoa jibu ambalo ni nusu au ni maradufu ya ukweli, huku mashine yake ikiwa imefanya kazi bila kosa lolote. Kabla ya kugusa pipeti, andika juu kabisa ya karatasi yako: ni mililita ya nini, na ni kabla au baada ya kuchanganya.

SWALI: Ninafanya kazi katika maabara ya udhibiti wa ubora, na ninapima skwalini kwa kromatografia ya kimiminika. Sampuli tatu za kichupa kimoja hunipa majibu matatu yanayopishana, na mara nyingi yote yako chini ya kiwango cha lebo. Mashine imekaguliwa na haina hitilafu. Mafuta yanakwenda wapi?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa maana nimekaa usiku mwingi nikiuliza swali hilo hilo. Mashine ya kromatografia hutenganisha viambato kwa kuvipitisha ndani ya bomba jembamba liitwalo kolamu na kuvichora kama vilele, lakini huona tu kile kilichoyeyuka na kufika kwenye kitambuzi chake. Makosa mengi ya skwalini hutokea mezani, kabla sampuli haijaingia kwenye mashine, na kwa uzoefu wangu hutokea mahali pawili: pale unapochota na pale unapovunja emulsheni.

Tuanze na kuchota. Skwalini ni nyepesi kuliko maji, mililita yake moja ikiwa na uzito wa gramu 0.86 hivi, kwa hiyo kichupa kilichokaa muda mrefu kinaweza kuwa na matone mengi zaidi juu kuliko chini. Kigeuze juu chini polepole mara kadhaa. Usikitikise kwa nguvu, maana utaingiza povu, na povu likiingia kwenye pipeti hujui tena umechota ujazo gani. Kisha itazame ncha ya pipeti baada ya kumwaga. Utaona ndani yake utando mweupe ulioshika plastiki, na huo ni sehemu ya sampuli yako iliyobaki nyuma, tena kwa kiasi kinachobadilika kulingana na kasi ya kidole chako. Ndiyo maana ninashauri kuachana na ujazo kabisa: weka chupa ya kupimia juu ya mizani, ingiza emulsheni, andika uzito uliosoma, kisha ugeuze uzito huo kuwa ujazo kwa kutumia msongamano wa emulsheni ulioupima mwenyewe. Kinachobaki kwenye ncha hakitakudhuru tena, kwa sababu hukukihesabu.

Kuvunja emulsheni ndiko kunakohitaji subira zaidi. Skwalini haiyeyuki katika maji, na hata methanoli huipokea kwa shida, ndiyo maana wengi hutumia isopropanoli au tetrahidrofurani, ambazo huelewana na maji na mafuta kwa pamoja. Mimi huweka kwanza emulsheni kidogo chini ya chupa, kisha humimina isopropanoli nyingi kwa mkupuo mmoja, angalau mara ishirini ya ujazo wa emulsheni. Kimiminika cheupe kama maziwa huchirizika kwa mistari, kikapauka, kikawa na rangi ya buluu hafifu pembezoni, kisha kikawa angavu kama maji ya kunywa. Usiridhike hapo. Iweke chupa mbele ya karatasi nyeusi, elekeza taa kutoka ubavuni, na utazame: ukiona ukungu wowote wa kibuluu, matone bado yapo, na kila tone lililobaki zima ni mafuta ambayo yanaweza yasihesabiwe ipasavyo. Lakini uutofautishe ukungu huo na chembe nyeupe zinazotua chini, ambazo mara nyingi ni chumvi za bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) au protini ya antijeni iliyokataa kileo. Chembe hizo unaweza kuzitenga kwa mashine ya kuzungusha, mradi uzioshe kwa kiyeyushi kipya na kuhakikisha kwamba hazikukumbatia mafuta.

Hatari haishii hapo. Ukichukua mchanganyiko huo angavu ukauzimua kwa kimiminika chenye maji mengi ili ufanane na kile kinachopita kwenye mashine, skwalini inaweza kujitenga tena ndani ya kichupa cha kusubiri zamu, na sampuli ya kwanza ikasomeka vizuri huku ya kumi ikisomeka pungufu. Nilipata kukaa juma zima nikiituhumu kolamu, nikaibadilisha kwa mpya bila mafanikio, mpaka jioni moja nilipovitoa vichupa kwenye sinia nikakuta pete nyembamba ya mafuta imeshika kioo juu ya kimiminika katika kila kichupa kilichosubiri muda mrefu. Pitisha pia kiyeyushi kitupu baada ya sampuli yenye mafuta mengi, na ikiwa kilele cha skwalini kitajitokeza tena, basi kiasi fulani kilikuwa kimelala kwenye kolamu.

Kuthibitisha kwamba umeyapata mafuta yote kuna utaratibu unaokubalika kimataifa katika mwongozo wa ICH Q2, unaoeleza namna ya kuthibitisha njia za kupima dawa: huandaliwa mchanganyiko usio na kiambato kinachopimwa, kisha huongezwa kiasi kinachojulikana katika ngazi tatu, kwa kawaida kuanzia asilimia 80 hadi 120 ya kiwango kinachotarajiwa, kila ngazi mara tatu, yaani vipimo tisa kwa uchache. Fanya hivyo, lakini nikwambie wazi kwamba hakutoshi kwa emulsheni. Skwalini uliyoitia kwa mkono wako inaelea huru, ilhali ile ya kiwandani imefungwa ndani ya matone ya nanomita 160 yaliyovikwa viunganishi, na ya kwanza huyeyuka kwa urahisi kuliko ya pili. Chukua basi emulsheni halisi, ivunje kwa isopropanoli, kisha nyingine kutoka kichupa hicho hicho uivunje kwa tetrahidrofurani, na ulinganishe. Njia mbili zikikubaliana, una haki ya kuliamini jibu. Zikipishana, ile ndogo inakwambia kuna mafuta ambayo hukuyafikia, au ile kubwa inakwambia kuna kitu kingine kimejificha chini ya kilele chako.

Jambo la mwisho kwako: unaponunua skwalini sanifu ya kulinganishia, soma jina herufi kwa herufi. Skwalani, inayotumika sana katika vipodozi, ni ndugu yake aliyeondolewa viunga pacha vyote sita kwa kuongezewa hidrojeni. Viunga hivyo ndivyo vinavyoifanya skwalini imeze mionzi ya urujuanimno karibu na nanomita 210, na bila hivyo kitambuzi chako hakitaona kitu. Viunga hivyo hivyo ndivyo pia vinavyoiponza mbele ya hewa, kwani oksijeni huvishambulia. Fungua chupa ya kiwango sanifu kwa muda mfupi, iweke kwenye baridi na giza, na uandike tarehe ya kufunguliwa.

SWALI: Skwalini naiona vizuri kwenye urujuanimno, na tokoferoli pia. Polisobeti 80 ndiyo inayonishinda. Je, ni lazima ipimwe, au inatosha kupima mafuta?

JIBU: Ni lazima. Matone yanakaa mbalimbali kwa sababu ya viunganishi, na viunganishi vikipungua matone huanza kuungana. Tokoferoli haina shida, kwa maana humeza mwanga vizuri kwenye nanomita 292 na tena hung'aa yenyewe ikimulikwa, hivyo kitambuzi cha mng'ao huikamata hata ikiwa kidogo sana.

Ugumu wa polisobeti 80 ni kwamba jina ni moja lakini vitu ni vingi. Ni ukoo wa molekuli zenye minyororo ya urefu tofauti, zilizounganishwa na asidi za mafuta mbalimbali, hasa asidi ya oleiki, ambayo famakopia ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka isipungue asilimia 58 ya asidi zote za mafuta zilizomo. Kwa hiyo kwenye mchoro huoni kilele chembamba. Unaona kilima kipana chenye mabonde. Wengi sasa hutumia kitambuzi kinachogeuza kimiminika kuwa mvuke wa chembe kavu, kuzipa chembe hizo chaji ya umeme na kupima chaji hiyo, kwa sababu hakijali kama kitu kinameza mwanga au la. Kitambuzi hicho kina tabia yake, nayo ni kwamba mwitikio wake haufuati mstari ulionyooka pale viwango vinapotofautiana sana, hivyo usilazimishe mstari mnyoofu kupita kwenye nukta zinazopinda. Kuna pia njia ya zamani ya kobalti thayosianeti, ambayo hufanya rangi ya buluu na polisobeti, ikavutwa kwenye kiyeyushi cha kikaboni na kusomwa karibu na nanomita 620. Ni njia ya gharama ndogo na bado ninaiheshimu, lakini haiwezi kutofautisha wanaukoo. Katika njia yoyote kati ya hizi, tengeneza viwango vyako kutokana na fungu lile lile la polisobeti lililotumika kiwandani, kwa sababu mafungu hutofautiana.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi. Baadhi huchemsha sampuli kwa alkali mpaka polisobeti yote ivunjike, kisha hupima asidi ya oleiki iliyoachiwa. Hesabu ni rahisi na vilele ni safi, lakini katika emulsheni ya aina ya MF59 sobitani trioleati nayo huachia asidi ya oleiki, tena tatu kwa kila molekuli, na usipozitenganisha kwanza unakuwa umepima jumla ya watu wa nyumba mbili bila kujua nani ni wa nyumba ipi. Hata kwenye emulsheni yenye polisobeti peke yake kuna mtego. Polisobeti huzeeka kwa kumomonyoka polepole na kuachia asidi ya oleiki kichupani. Ukivunja kila kitu kwa alkali, ile iliyokwisha kuharibika na ile iliyo nzima hutoa jibu moja, na kichupa cha miaka miwili kitaonekana kipya kabisa. Ukitumia njia hii, pima pia asidi ya oleiki iliyo huru kabla ya kuchemsha, kisha uitoe kwenye jumla.

SWALI: Vipi viambato vinavyoongezwa kwa mikrogramu ndani ya emulsheni, kama lipidi A na saponini?

JIBU: Hivyo ni vigumu zaidi. Emulsheni ya AS02, iliyotumika katika majaribio ya awali ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ilikuwa na lipidi A yenye fosfati moja, ambayo asili yake ni mafuta ya ukuta wa bakteria, pamoja na saponini, yaani kitu cha mimea kinachotoa povu kama sabuni, ya QS-21 inayotokana na magome ya mti wa Quillaja saponaria. Fikiria dozi yenye miligramu 10 za mafuta na mikrogramu 50 za kiambato cha namna hiyo: mafuta ni mara 200 yake, na kilele chao kinaweza kumeza jirani zake wote. Kazi kubwa hapa ni kuyatoa mafuta kwanza bila kuondoka na kiambato chenyewe, jambo linalohitaji uangalifu kwa sababu lipidi A hupenda kukaa mpakani mwa mafuta na maji, na hupenda pia kushika kioo na plastiki. Jaribu kuihamisha sampuli kutoka chombo kimoja hadi kingine mara tatu, ukipima kila mara, kabla hujaamini namba ya kwanza. QS-21 nayo humomonyoka pale maji yanapoelekea upande wa alkali, kwa hiyo usiiache ikisubiri katika bafa isiyofaa.

SWALI: Mimi ni mzazi wala si mtaalamu. Nimesikia kwamba skwalini iliwahi kukutwa kwenye chanjo ya kimeta ya wanajeshi wa Marekani ingawa haikutajwa kuwa ni kiambato chake. Tuamini nini?

JIBU: Asante kwa kuuliza bila woga. Ni kweli kwamba vipimo vya mamlaka ya dawa ya Marekani vya mwaka 1999 vilikuta alama za skwalini katika baadhi ya mafungu ya chanjo hiyo, lakini kwa kiwango kisichofikia sehemu 100 kwa bilioni. Linganisha na emulsheni ya MF59, ambayo dozi yake ina takriban sehemu milioni 20 kwa bilioni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba skwalini haikuongezwa kwenye chanjo hizo.

Kwa mpimaji, swali la kwanza mbele ya alama ndogo kiasi hicho ni kama imetoka kwenye sampuli au kwenye chumba cha maabara. Ini la binadamu hutengeneza skwalini kila siku, na mafuta ya ngozi yetu yana takriban asilimia 12 yake, kwa hiyo kidole kimoja kisicho na glavu kikigusa mdomo wa chupa kinaweza kuacha alama ya namna hiyo. Ndiyo sababu kila kundi la vipimo hufuatana na chupa tupu iliyopitia hatua zote sawa na sampuli. Chupa tupu ikionyesha skwalini, basi alama ndogo yoyote inayokaribiana nayo haiwezi kutangazwa kuwa imetoka kwenye chanjo. Mashine inapokuwa na macho makali zaidi, mikono ya mpimaji hudaiwa usafi zaidi, na mzazi ana haki kamili ya kuuliza: kwenye chupa tupu mlikuta nini?

SWALI: Ninatunza ghala la chanjo. Kichupa chenye emulsheni kikiganda kwa bahati mbaya kisha kikayeyuka, je, kipimo cha skwalini kitakigundua?

JIBU: Hapana. Mafuta hayakutoka kichupani, na ukiyavunja yote kwa kiyeyushi utapata jumla ile ile. Kilichoharibika ni matone, kwa maana barafu huyasukuma pamoja na kuyapasulia vazi la viunganishi, yakaungana kuwa makubwa. Uharibifu huo hupimwa kwa mtawanyiko wa mwanga, unaoonyesha kipenyo cha wastani, pamoja na kuhesabu matone makubwa yanayozidi mikromita moja, ambayo wastani unaweza kuyaficha yakiwa machache. Dalili moja tu inaweza kujitokeza kwenye kipimo cha kawaida: sampuli iliyochotwa juu ya kichupa ikisomeka juu ya lebo na ile ya chini ikisomeka pungufu. Lakini wewe usisubiri maabara. Emulsheni hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi na hazigandishwi, kwa hiyo kichupa kilichoganda kitenge, kiandike tarehe na saa, na kisirudishwe kwenye rafu hata kama kinaonekana cheupe na laini kama wenzake.